Kiti Alichochagua Severin

Siku Waitaliano walipokuwa wanafunga mizigo kurudi kwao, Severin aliambiwa achague kitu kimoja katika nyumba yote. Alikuwa dereva wao tangu Bwana Renzo alipoletwa Morogoro kufunga mitambo ya kiwanda, na walimpenda. Palikuwa na friji jeupe, kubwa kama kabati. Palikuwa na baiskeli ya gia, redio ya kaseti, na cherehani ya Mama Ada, mke wa Bwana Renzo, ambayo ilishona bila kelele. Severin alivipita vyote hivyo, akaenda kusimama mbele ya kiti.

Yustina, mkewe, alikuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza. Alishuka mlimani mpaka Matombo kumpokea. Alipomwona anateremka kwenye lori amekumbatia kiti kilichoviringishwa kwenye blanketi, aliuliza jambo moja tu.

"Na baiskeli iko wapi?"

"Nilichagua kiti."

"Cherehani?"

"Yustina, subiri ukione kwanza."

Alikiona. Severin alifungua blanketi pale pale kando ya barabara, watu wakasogea. Kilikuwa cha mbao, lakini hakikufanana na kazi ya seremala yeyote waliyemjua. Hakikuwa na msumari hata mmoja. Hakikuwa na mahali ambapo ungeweza kusema hapa ndipo mguu unapoishia na hapa ndipo mkono unapoanzia. Mgongo wake ulishuka kama jani changa la mgomba ambalo halijafunguka sawasawa, ukapinda ukawa kikalio, na kutoka kwenye kikalio mbao ile ile iliinuka pande zote mbili, ikajikunja hewani kuwa mikono, kisha ikarudi chini kwa mzunguko mpana na kuwa miguu. Chini ya kila mkono palibaki tundu kubwa lenye umbo la yai. Rangi yake ilikuwa kahawia yenye wekundu, na ukiisogelea uliona mistari ya mti imetiririka kwa ulaini, kama maji yanayopita juu ya jiwe.

Yustina alikizunguka. "Kizuri," alikubali, maana alikuwa mtu wa haki. "Na friji?"

"Umeme uko wapi huku?"

"Ungekuja."

Ulikuja, ila baada ya miaka mingi sana. Siku nguzo ya kwanza iliposimikwa kitongojini kwao, Jesca aliyekuwa tumboni siku ile ya lori sasa akiwa mama wa watoto wake mwenyewe, Yustina alitoka nje, akaitazama nguzo kuanzia chini mpaka juu, akamgeukia mumewe.

"Nilikwambia."

Ndivyo walivyoishi. Shamba lilikuwa la ukoo wa Yustina, kama ilivyo kwa Waluguru, na nyumba ilisimama juu ya ardhi ya mama zake. Migomba ilikuwa ya ukoo, na mikarafuu nayo ya ukoo. Kitu pekee ambacho Severin angeweza kukiita chake mwenyewe pale kilikuwa kile kiti. Alikiweka sebuleni penye dirisha la mashariki, na kila asubuhi kabla ya kushika jembe alikipangusa kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya nazi, kuanzia kwenye mgongo, kushuka kwenye mikono, mpaka miguuni.

"Nenda kamwogeshe mke mwenzangu," Yustina alimwambia kila asubuhi akipuliza moto. "Usije ukachelewa akanuna."

Majirani walilipokea jina hilo na kicheko chake. Mtu akifika kwao aliuliza hali ya Severin, hali ya Yustina, halafu hali ya mke mdogo.

Severin hakukasirika. Yeye alijua alichokiona siku ya kwanza ya kazi, alipoingia sebuleni kwa Waitaliano kuchukua funguo za gari, akasahau funguo. Alikizunguka kiti kwa kulia, akarudia kwa kushoto, na kila alipopiga hatua kiligeuka kitu kingine. Mara jani. Mara ndege anayejinyoosha. Mara mtu aliyepiga magoti akafungua mikono. Mama Ada alimkuta amechuchumaa anachungulia chini yake, naye hakumcheka. Alimweleza, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, kwamba kilichorwa na mtu wa Milano ambaye kazi yake ilikuwa kuchora majengo, akachoka na majengo.

"Hii ni sanamu," alisema. "Lakini sanamu ya adabu. Inakubali ukae."

Severin hakukaa. Hata kilipokuwa chake hakukaa, isipokuwa mara moja moja, akiwa peke yake, kwa muda mfupi kama mtu anayejaribu kofia ya mwenzake. Watoto walikua wakijua kwamba kile hakikaliwi. Paroko alipokuja kubariki nyumba, akakiona na kukielekea kwa furaha, Severin aliruka akamwekea kiti kingine nyuma yake haraka kiasi kwamba paroko aliketi kabla hajajua ameketi wapi. Yustina alicheka habari hiyo mwaka mzima.

Basi, Krismasi moja Jesca alipanda kutoka Morogoro mjini, ambako ana meza yake ya viungo sokoni, akapiga picha ya wazazi wake wamesimama sebuleni. Nyuma yao kiti kilionekana chote. Picha ikatoka kwenye simu yake ikaenda kwa rafiki, kutoka kwa rafiki ikaenda kwa shemeji, na kabla ya mwezi kwisha ikamfikia kijana mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Hamza, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya samani za zamani na kuandaa maonyesho. Hamza alimpigia Jesca simu usiku huo huo, akaomba aelekezwe njia.

Alifika kwa bodaboda, viatu vyake vyeupe vimekuwa vyekundu kwa udongo. Alisalimia vizuri, shikamoo baba, shikamoo mama, akapokea maji, akanywa. Kisha akaingia sebuleni.

Severin alisimama mlangoni akamtazama. Kijana alikizunguka kiti kwa kulia. Akarudia kwa kushoto. Akachuchumaa, akainamisha kichwa mpaka sikio likakaribia sakafu, akachungulia chini. Kwa maisha yake yote Severin alikuwa hajamwona mtu mwingine akifanya hivyo.

"Mzee," Hamza alisema bila kuinuka, "unajua una nini hapa?"

"Nina kiti."

"Vilitengenezwa vichache sana, halafu waliovitengeneza wakafunga karakana. Mimi nimekiona kimoja tu, na hicho nilikiona kwenye picha." Alinyoosha kidole akagusa mkono wa kiti kwa ncha tu, kama anayepima joto la uji. "Na hiki chako kimetunzwa kuliko kile cha kwenye picha."

Walizungumza mchana kutwa. Hamza alitaka kukinunua, Severin akakataa kabla sentensi haijafika mwisho, na Hamza hakumsumbua tena. Ila aliomba kingine. Baada ya Pasaka angekuwa na maonyesho makubwa Dar, ya viti na meza na taa ambazo watu walizichora kwa mapenzi. Je, mzee angekiazima? Kingekaa katikati ya ukumbi, kimewashiwa taa yake peke yake, na mzee na mama wangepelekwa kukiona.

Severin alitazama dirishani. Miaka yote hiyo watu walikuwa wamemcheka kwa upendo, na yeye alikuwa amecheka nao. Sasa alikiona kile kiti katikati ya ukumbi na watu wasiomjua wanakizunguka kwa kulia, wanarudia kwa kushoto.

"Nitakiazima," alisema.

"Ila mzee wangu, nakuomba sana. Mpaka nitakapokuja kukichukua, asikikalie mtu."

"Hilo usiwe nalo wasiwasi, mwanangu," Yustina alijibu kutoka mlango wa jikoni. "Mke mwenzangu hakaliwi."

Masika ya mwaka ule yalikuja kwa hasira. Mvua ilinyesha mlimani hata udongo ukashindwa kunywa. Kipande kizima cha barabara ya kwenda Matombo kiliteremka bondeni, na migomba iliyokuwa juu yake iliteremka nayo ikiwa imesimama wima, ikaendelea kusimama kule chini kana kwamba imepandwa hapo. Bodaboda zikaacha kupanda. Severin alifunika kiti kwa shuka na turubai, akaweka beseni mahali paa lilipokuwa likivuja, akahesabu Jumapili zilizobaki kabla ya Pasaka.

Asubuhi moja mvua ilipopumzika kidogo, Yustina alichukua panga akaenda kukata mkungu wa ndizi nyuma ya nyumba. Severin alikuwa sebuleni na kitambaa chake. Alisikia anaitwa. Hakuitwa Baba Jesca, kama alivyokuwa akimwita kwa miaka yote. Aliitwa Severin, mara moja, kwa sauti ndogo.

Alimkuta chini ya mteremko. Udongo ulikuwa umemteleza miguuni, ukamvuta, na mguu wake wa kulia ukanasa katikati ya mawe mawili huku mwili ukiendelea kwenda. Ulikuwa umepinda chini ya goti mahali ambapo mguu haupindi.

"Usiniangalie hivyo," Yustina alisema, uso umekuwa wa majivu. "Nitoe kwenye matope."

Majirani walikuja. Laurenti, katekista, ambaye zamani aliwahi kufundishwa huduma ya kwanza, alikata mbao mbili za boksi akaufunga mguu katikati yake kwa kanga. Yustina aliuma kona ya kitenge chake, hakupiga kelele. Severin akampigia Jesca simu. Jesca alilia, kisha akaacha kulia akatafuta gari. Ndani ya muda mfupi alipiga kusema kwamba Land Cruiser ya misheni itamsubiri mama pale barabara inapoishia, chini, na kumpeleka hospitali mjini. Kilichobaki kilikuwa kumfikisha hapo.

Walijaribu machela kwanza, blanketi lililofungwa kwenye mwanzi mmoja, kama watu wa mlimani walivyobeba wagonjwa wao siku zote. Walipoinua tu, blanketi lilimkunja Yustina katikati, mguu ukaning'inia, na safari hii alipiga kelele. Walimshusha. Wakazungumza juu ya kitanda, lakini kitanda kisingepita kwenye kona ya majabali kabla ya kijito. Hata jeneza la marehemu baba yake Laurenti lilipitishwa pale kwa kusimamishwa. Mawingu yalikuwa yanarudi. Jastin, kijana mwenye nguvu kuliko wote, alisema atambeba mgongoni. Laurenti akauliza, na mguu utashikwa na nani?

Severin aliinuka akaingia ndani. Walisikia turubai linavutwa. Alipotoka alikuwa amekumbatia kiti vile vile kama siku ile ya lori, ila sasa alikuwa mzee.

Alikiweka uani, mbele ya watu wote.

"Mianzi miwili," alisema. "Ile minene. Ipite hapa na hapa." Akaonyesha matundu yale mawili chini ya mikono.

Hakuna aliyesogea.

"Mzee," Jastin alisema polepole, "hiki si ndicho cha yule wa Dar?"

"Nimesema mianzi."

Mianzi ilipita. Ilipita kana kwamba aliyekichora kiti kule Milano alikuwa amewahi kusimama kwenye ua wa mlimani, masika, mbele ya mwanamke aliyevunjika mguu. Wakafunga kwa kamba ili isitembee. Severin akachukua ubao wa meza ya jikoni, akauingiza juu ya kikalio ujitokeze mbele, akautandikia mto, mguu upate kunyooka juu yake. Kisha akamwendea mkewe.

Yustina alikuwa amelala kwenye mkeka ukutani, ameona yote.

"Mimi? Nimkalie mke mwenzangu?"

"Kaa, Yustina."

"Na yule mtoto wa watu? Si alikuomba?"

"Kaa, mama."

Walimwinua watu watatu, wakamweka. Yustina alifumba macho akingoja maumivu. Alipoyafumbua alikuwa na mshangao usoni. Mgongo wa kiti ulikuwa umempokea kuanzia kiunoni mpaka mabegani, pale pote ambapo uzito ulikuwa unataka kumwangukia, na mikono ya kiti ilimbana kidogo ubavuni, kama mtu mzima anavyomshika mtoto asianguke. Aliegemea. Akaegemea zaidi.

"Baba Jesca," alisema.

"Inauma?"

"Miaka yote hiyo ulikuwa umeninyima hiki?"

"Sikukunyima. Hukuomba."

"Wewe mwanamume," Yustina alisema, na wabebaji wakainua.

Waliteremka wanne begani, wawili mbele wawili nyuma, wengine wakifuata kupokezana. Severin alitembea ubavuni ameshika ncha ya ubao, mguu wa mkewe usicheze. Mwavuli alikuwa nao Yustina mwenyewe, ameushika wima. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Wabebaji waliitana, jiwe hilo, shimo hilo, kushoto kidogo, na mara nyingine mmoja wao alilazimika kupita kwenye majani juu ya njia huku mwenzake yuko ndani ya mtaro, lakini kiti chenyewe kilikwenda kimenyooka.

Kwenye nyumba za chini watu hawakuwa na habari. Walichokiona ni mwanamke mzima ameketi hewani, juu ya mabega ya wanaume, amejifunika kitenge kizuri na ana mwavuli. Bi Modesta, ambaye macho yake hayakuwa mazuri sana, alidhani ni harusi ya mtu au sherehe ya ukoo ambayo hakualikwa, akatoka na kigelegele. Wanawake wa nyumba ya pili wakaitikia. Mlima mzima ukalia vigelegele.

"Nimevunjika mguu jamani!" Yustina alipaza sauti.

"Hongera!" Bi Modesta alijibu.

Yustina alicheka hata machozi yakamtoka, na huku akicheka mguu ulimuuma, na huku ukimuuma hakuweza kuacha kucheka. Wabebaji walisimama kidogo ili nao wacheke, maana huwezi kubeba mtu ukiwa unacheka. Severin alimtazama mkewe pale juu, kitambaa cha kichwa kimelegea, mbao nyekundu imemzunguka mabegani. Alikuwa amekiangalia kile kiti kutoka kila upande kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Upande huu alikuwa bado.

Kwenye kijito maji yalikuwa yamepanda mpaka magotini. Walivuka kwa uangalifu, na walikuwa wameshafika ukingo wa pili wakati Jastin, aliyekuwa nyuma, alipokanyaga jiwe lililogeuka. Alianguka goti moja. Hakuachia mwanzi, lakini uzito wote uliegemea upande wake, na kiti kikatoa sauti kama bua la muhindi linapovunjwa. Ta!

Wote walisimama.

"Mama, uko salama?" Laurenti aliuliza.

"Niko salama."

"Mzee." Jastin alikuwa bado amepiga goti, maji yanamtiririka. "Ni mkono wa kiti. Nisamehe, mzee. Umepasuka."

Severin alikuwa ameisikia ile sauti ndani ya meno yake. Hakugeuza shingo kutazama. Alijua akitazama atasimama, na akisimama watasimama wote.

"Goti lako vipi?" alimwuliza.

"Zima."

"Haya, inuka. Twendeni."

Waliendelea. Baada ya muda Severin aliinua macho akaona kwamba Yustina ameufunga mwavuli ingawa mvua ilikuwa inaanza. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuweka juu ya ufa, ameubana kwa kiganja chote, na hivyo ndivyo alivyoubana mpaka barabarani.

Gari lilikuwepo. Walimlaza nyuma kwenye godoro, dereva akafunga mlango. Alikuwa na haraka, mvua ingeweza kukata mahali pengine.

"Hicho kiti rudini nacho nyumbani," aliwaambia wabebaji.

"Hapana," ilisikika sauti ya Yustina kutoka ndani. "Hakibaki. Kifungeni juu."

"Mama, tuna haraka."

"Basi fungeni haraka."

Kwa hiyo kiti kiliingia Morogoro mjini juu ya Land Cruiser, mvuani, miguu imeelekea mbinguni, na watu wa barabarani wakakitazama kikipita.

Mguu uliungwa vizuri, ukafungwa plasta. Daktari alisema mfupa umevunjika mahali pamoja, na kwamba aliyembeba mama alitumia akili kuuacha umenyooka. Severin aliambiwa angoje barazani. Alikaa sakafuni kando ya kiti, akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kukipangusa matope. Mianzi ilikuwa imekwangua mbao ndani ya matundu yote mawili. Mkono wa kulia ulikuwa na ufa uliokimbia kutoka pale ulipojikunja mpaka karibu na mguu, na ndani ya ufa mbao ilionekana nyeupe, changa, kama haijawahi kuona mwanga. Alipitisha kidole. Akarudia. Kisha akajifunika uso kwa kitambaa kile kile cha matope.

Hakusikia magurudumu. Muuguzi alikuwa amemleta Yustina kwenye kiti cha wagonjwa na kumsimamisha pale nyuma yake.

"Lia tu," Yustina alisema. "Mimi sina wivu."

Severin alicheka ndani ya kitambaa, akabaki hivyo, analia na kucheka, mpaka mkewe alipomwekea mkono kichwani.

Jioni ile, akiwa kwa Jesca, alimpigia simu Hamza. Alikuwa amejiandaa kueleza kwa kirefu, lakini kilichotoka kilikuwa kifupi. "Kijana wangu, nilikuahidi. Kimekaliwa. Kimevunjika mkono."

"Ilikuwaje, mzee?"

Severin alieleza. Alipofika kwenye kijito Hamza alimkatiza.

"Na mama anaendeleaje?"

"Ufa umetokea hapa kwenye—"

"Mzee, namuulizia mama. Kiti tutakizungumza."

Maonyesho yalifanyika bila kiti. Wenye ukumbi walitaka vitu visivyo na kasoro, na Hamza alibishana nao akashindwa. Severin aliposikia alisema ni sawa, na kwa siku kadhaa hakuwa na hamu ya kula. Yustina alimwacha. Hakumtania wala hakumwambia asahau. Alimwomba tu, kila asubuhi, amsaidie kukaa, maana daktari alikuwa amemkataza kulala mchana kutwa na kwenye kochi la Jesca mgongo ulimuuma. Severin akaenda kwa fundi, akanunua gundi ya mbao. Aliuvuta ufa ukafumba, akaufunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akaacha ukauke. Alama ilibaki, mstari mwembamba mweusi. Alipomaliza alimshika mkewe kwapani akamketisha kitini.

Mvua zilipokwisha na barabara ikapitika, walirudi mlimani. Kiti hakikurudi penye dirisha. Kilisimama barazani, ambako Yustina alitaka kiwe, ili aone nani anapita na kumuuliza anakwenda wapi. Alichambulia mboga hapo, alisalia rozari hapo, aligombana na kuku hapo. Severin alikipangusa asubuhi kabla mkewe hajaamka, na mchana alikaa karibu naye kwenye kigoda. Siku moja aliona kwamba mikono ya kiti inaanza kung'aa kwa namna nyingine, pale viganja vya Yustina vilipozoea kukaa, kwa mng'ao ambao mafuta ya nazi hayakuwahi kuuleta.

Hamza alikuja mwezi wa saba, bila kutoa taarifa. Bodaboda ilimharibikia njiani, akapanda nusu ya mlima kwa miguu, na alipotokeza uani alikuwa amelowa jasho, viatu mkononi. Alikuwa amemletea Yustina kitenge, na Severin kopo la nta ya mbao. Alimkuta mama amesimama anajaribu hatua kwa fimbo, na kiti kitupu.

Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mstari mweusi. Aliufuata kwa kidole mpaka mwisho, akayagusa makwaruzo ya mianzi. Severin alisubiri.

"Umeziba vizuri," Hamza alisema hatimaye.

"Gundi ya kawaida tu."

"Nisingekuambia ufanye vingine."

"Umechoka, mwanangu," Yustina alisema. "Kaa."

Hamza alitazama huku na huku akitafuta mahali. Kigoda kilikuwa na sahani ya maharage.

"Hapo hapo," Yustina alisema. "Mbele yako si kuna kiti?"

"Hapana, mama. Mimi sijawahi... Hivi vitu mimi sivikalii."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Yustina alimtazama kwa huruma nyingi, kama mtu aliyeambiwa kuna mpishi asiyekula. "Kaa," alisema tena.

Kijana alijishusha polepole, mikono amejishikilia, akiwa tayari kusimama. Kisha mgongo wake ukafika kwenye mgongo wa kiti. Mabega yalimshuka. Severin aliingia jikoni kuchemsha chai, na aliporudi na vikombe alimkuta Yustina ameweka kidole mdomoni.

"Amelala," alinong'ona.

Kweli alikuwa amelala, kichwa kimeangukia pembeni, miguu yenye vumbi imenyooka mbele. Jogoo alipita karibu akasimama kumtazama, Severin akamfukuza kwa ishara ya mkono.

"Tumwamshe? Chai itapoa."

"Ipoe. Tutapika nyingine." Yustina alinyoosha mkono. "Nishike. Nataka kwenda kuiona ile migomba, toka nianguke sijafika."

"Kuna mteremko."

"Ndiyo maana nimesema unishike."

Severin aliweka vikombe chini, akampa mkono, wakatoka barazani hatua kwa hatua, wakizunguka nyuma ya nyumba, wakazungumza kwa sauti ya chini wasimwamshe mgeni.